Kazi za Vijana na Ushiriki wa Raia: Chuo Kikuu Kinamwandaa Mwanafunzi kwa Lugha Gani?

Utangulizi

Kwa kawaida tunapozungumzia matumizi ya Kiswahili chuoni huwa tunawafikiria walimu watarajiwa, waandishi wa habari na wafasiri. Katika makala haya ningependa tuitazame taaluma nyingine ambayo wengi wetu hatuifahamu vizuri, ingawa wanafunzi wake hukaa nasi katika kumbi zilezile za mihadhara. Nayo ni taaluma ya kazi za vijana na ushiriki wa raia.

Kilichonisukuma kuandika ni tukio moja. Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wa programu ya vijana alichukua kozi yetu ya hiari ya Kiswahili kwa wanaoanza. Mtihani wake niliusahihisha mimi mwenyewe, na alipata alama ya A. Likizo ilipofika alikwenda kufanya mafunzo ya nyanjani katika makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Kazi yake ilikuwa kuanzisha klabu ya vijana. Siku ya kwanza walikuja vijana wapatao thelathini. Akawaambia: "Njooni hapa! Kaeni! Nyamazeni! Sikilizeni!" Wakakaa, wakanyamaza, wakasikiliza. Kila alipouliza "Mmeelewa?" walijibu kwa pamoja "Ndiyo!" Siku ya pili walirudi sita tu.

Mama mmoja Mkongomani aliyekuwa akiuza karanga kando ya uwanja alimwita, akamwambia kwa Kiswahili cha kwao: "Mutoto yangu, unabasemesha sawa askari." Yaani, unawasemesha kama askari.

Mwanafunzi huyo aliporudi chuoni alikuja ofisini kwangu kunieleza. Tulikaa tukazipitia sentensi zake moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sahihi kisarufi. Zote zilitoka katika sura za mwanzo za kijitabu chetu cha mafunzo, mahali ambapo tunafundisha kauli ya amri kabla ya kitu kingine chochote kwa sababu ni rahisi. Kwa hiyo kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu.

Katika makala haya nitaeleza kwa ufupi kazi za vijana ni nini, programu zinazoifundisha taaluma hii zilianzia wapi na zinafundisha nini. Kisha nitaonyesha kwamba katika mafunzo hayo kuna pengo la lugha, na kwamba pengo hilo ni sisi walimu wa Kiswahili tunaoweza kulijaza.

Dhana yenyewe

Jina la taaluma hii linaweza kumpotosha msikilizaji. Mtu akisikia "kazi za vijana" hudhani ni ajira. Hapa maana yake ni kazi inayofanywa na mtu aliyefunzwa, ambaye huwakuta vijana nje ya darasa: kwenye klabu, uwanja wa mpira, kanisani au msikitini, kijiwe cha bodaboda, au katika makazi ya wakimbizi. Mtu huyu huwasaidia vijana wajitambue, wajifunze stadi za maisha na waweze kuamua mambo yanayowahusu. Ushiriki wa raia, kwa upande wake, ni yale yote ambayo mtu huyafanya kwa ajili ya jamii yake: kuhudhuria mkutano wa kijiji, kuuliza fedha za barabara zilivyotumika, kupiga kura, kujitolea kusafisha kisima. Mambo haya mawili hufundishwa pamoja kwa sababu kijana asiyezoea kusema mbele ya wenzake kumi kwenye klabu ni vigumu asimame kumuuliza diwani swali mbele ya watu mia mbili.

Nani ni kijana? Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul tarehe 2 Julai 2006 na kuanza kutumika mwaka 2009, unamhesabu kijana kuwa mtu wa umri wa miaka 15 hadi 35. Sera ya vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inafuata umri huohuo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaanzia miaka 18 na kuishia kabla ya 35. Hapa Uganda, Baraza la Taifa la Vijana lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993 huwahesabu wenye miaka 18 hadi 30. Hivyo basi, mtu wa miaka 32 anaweza kuwa kijana mjini Mombasa na asiwe kijana mjini Tororo. Mwanafunzi anayekwenda nyanjani lazima alijue hilo.

Programu hizi zilianzia wapi?

Wazo kwamba chuo kikuu kina wajibu wa kumwandaa kijana kuwa raia si geni katika ukanda wetu. Wenzetu wa Dar es Salaam walilijadili mapema, tena kwa uchungu. Mwaka 1966 serikali ya Tanzania iliamua kwamba wahitimu wa chuo kikuu walitumikie taifa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa. Oktoba mwaka huo wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya utumishi huo, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, masomo ya maendeleo yakawa sehemu ya lazima kwa wanafunzi wa chuo hicho. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Nchini Kenya nako, kuanzia 1984, waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu walipitia kwanza mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa.

Mipango hiyo ilikuwa na faida zake, na wapo wazee wetu wanaoikumbuka kwa heshima. Hata hivyo, msingi wake ulikuwa ni agizo. Kijana alipelekwa kuitumikia jamii, hakuulizwa.

Kazi za vijana kama taaluma zilikuja kwa njia nyingine. Uingereza, ripoti ya kamati ya Albemarle ya mwaka 1960 ilipendekeza wafanyakazi wa vijana wafunzwe rasmi, na chuo cha taifa cha kuwafunza kikafunguliwa Leicester mwaka 1961. Jumuiya ya Madola nayo ilianzisha Programu yake ya Vijana mwaka 1973, yenye vituo vya kanda. Kituo cha Afrika kilikuwa Lusaka, Zambia, na kiliwafunza watumishi wa vijana kutoka nchi nyingi za bara letu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Stashahada ya Kazi za Maendeleo ya Vijana ya Jumuiya ya Madola ilianza kufundishwa kwa masafa kupitia vyuo vikuu vya nchi wanachama, kikiwemo Chuo Kikuu cha Makerere. Vituo vya kanda vimekwisha kufungwa, lakini mbegu ilibaki. Makerere sasa inatoa shahada ya kwanza katika fani hiyo.

Zinafundisha nini?

Stashahada ya Jumuiya ya Madola ilikuwa na moduli 13. Kwa tafsiri yangu ni hizi: vijana na jamii, kanuni na utendaji wa kazi za maendeleo ya vijana, kufanya kazi na watu katika jamii zao, jinsia na maendeleo, michakato ya kujifunza, stadi za uongozi na usimamizi, kupanga, kufuatilia na kutathmini miradi, kupanga na kutekeleza sera, mbinu na stadi za kutatua migogoro, kukuza ujasiriamali na uchumi, vijana na afya, maendeleo endelevu na mazingira, na maadili ya Jumuiya ya Madola.

Orodha hiyo ni nzuri. Imekamilika kiasi kwamba programu nyingi za vyuo vikuu zilizofuata zimejengwa kwa mada zinazofanana nayo. Mwanafunzi anayeimaliza anaweza kuandika andiko la mradi, kusoma bajeti, kueleza njia za maambukizi ya Virusi vya Ukimwi na kusuluhisha ugomvi wa vikundi. Lakini itazame tena, msomaji. Kati ya moduli 13 hakuna hata moja ya lugha.

Kwa nchi yenye lugha moja inayojulikana na wote, huenda hilo lisiwe tatizo. Kwetu ni tatizo kubwa. Mwanafunzi husoma kanuni zote kwa Kiingereza, huandika ripoti kwa Kiingereza, halafu hupelekwa kuzungumza na vijana ambao Kiingereza chao ni cha kuombea maji tu. Akitoka Mbale akapangiwa Arua, lugha yake ya nyumbani haimsaidii. Akienda katika makazi kama Nakivale, wilayani Isingiro, ambayo yamepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, atawakuta Wakongomani, Warundi na wengineo wanaoelewana kwa Kiswahili. Kazi yake yote ni ya mdomo na sikio, na hicho ndicho ambacho chuo hakikumpa.

Darasani na kijiweni

Kabla hatujajisifu kwamba sisi tunao uwezo wa kusaidia, tujitazame kwanza. Sisi tunawaandaa walimu. Mwanafunzi wetu huenda kwenye mazoezi ya kufundisha, husimama mbele ya darasa la wanafunzi 60, na wote hulazimika kukaa mpaka kengele ilie. Akifundisha vibaya watasinzia, lakini hawataondoka. Sheria za shule zinamlinda.

Mfanyakazi wa vijana hana kengele wala rejista inayomlinda. Kanuni ya kwanza ya taaluma yake ni kwamba kijana huja kwa hiari na anaweza kuondoka kwa hiari. Akikosea neno, kijana huinuka akaenda zake. Akimdhalilisha mmoja, kesho watano hawaji. Kwa hiyo lugha yake hupimwa kila siku na watu ambao hawampi alama. Wanamwachia viti vitupu.

Hii ndiyo sababu Kiswahili cha darasani, kikipelekwa kijiweni kama kilivyo, hushindwa. Kwetu Uganda jambo hili lina uzito wa ziada. Wengi wetu tulikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa watu wenye bunduki. Kilitumika katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na majeshi ya baadaye yaliendelea nacho. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Tangu 2020 ni somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari katika mtaala mpya, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni mafanikio. Lakini mzee aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani miaka hiyo bado akisikia "Njoo hapa!" moyo humwenda mbio, na watoto wake wamelirithi sikio lake.

Maneno yenye historia

Mwanafunzi wa programu ya vijana anapaswa kujua kwamba maneno makuu ya kazi yake yana historia, na kwamba msikilizaji huisikia historia hiyo hata kama msemaji haijui. Nitatoa mifano michache.

Kijana. Kamusi hutuambia kwamba ni mtu mwenye umri mdogo, wa kike au wa kiume. Lakini mitaani neno hili huegemea upande wa kiume. Ukibandika tangazo la "mkutano wa vijana" watakuja wavulana, na wasichana watabaki nyumbani wakidhani hawakualikwa. Aidha, mwanasiasa akisema "vijana wangu" mara nyingi ana maana ya watu wa kumbebea mabango na wakati mwingine wa kumpigania. Ni afadhali tangazo liseme wazi: "wasichana na wavulana wote wanakaribishwa."

Kadogo. Kwa Kiswahili cha kawaida ni kivumishi tu. Katika vita vya Uganda vya 1981 hadi 1986 lilikuwa jina la watoto waliokuwa pamoja na wapiganaji, na mwaka 1996 na 1997 likatumika tena kwa askari watoto katika vita vya Zaire. Mfanyakazi wa vijana asimwite kijana wa Kikongomani "kadogo" kwa utani.

Raia. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na shina lake linahusu kuchunga. Raia walikuwa wale wanaochungwa na mtawala. Katika Uganda na Kongo linatumika pia kumtofautisha mtu wa kawaida na askari. Kwa hiyo ukimwambia kijana "wewe ni raia", anaweza kuelewa "wewe huna bunduki" badala ya "wewe una haki". Neno mwananchi, ambalo tumelijenga wenyewe kutokana na mwana na nchi, humweka mtu karibu zaidi na mali yake. Hata hivyo, kwa mkimbizi neno hilo nalo linaumiza, kwa sababu nchi aliyopo si yake. Hapo "mkazi" au "mwanajamii" huwa salama zaidi.

Siasa. Zamani katika Kiswahili cha pwani, kusema kwa siasa kulikuwa ni kusema kwa upole na utaratibu. Leo wazazi wengi wakisikia kwamba klabu inafundisha siasa, wanawaondoa watoto wao. Hapa kwetu neno hili limefungamana pia na mchakamchaka. Nchini Tanzania mchakamchaka ni mbio za asubuhi za wanafunzi. Uganda ni jina la mafunzo ya siasa na silaha yaliyoenezwa baada ya 1986. Tanzania yenyewe iliacha jina la somo la Siasa, ikatumia Uraia.

Baraza. Hili ni neno lililotutendea mema. Kwanza lilikuwa kibaraza cha mawe mbele ya nyumba ya Mswahili, ambapo majirani na wageni hukaa kuzungumza. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ililichukua kuwa jina la mikutano ya hadhara ambapo watumishi wa umma hueleza fedha zilivyotumika na wananchi huwauliza maswali. Jina la Kiswahili limeingia hata katika wilaya ambako Kiswahili chenyewe hakizungumzwi sana. Ni mahali pazuri pa kumfanyishia mwanafunzi mazoezi: ahudhurie baraza moja, aandike ni nani aliyesema, kwa muda gani, na ni vijana wangapi waliofungua midomo yao.

Kauli za vitenzi na ngazi ya ushiriki

Wanafunzi wa fani ya vijana husoma juu ya "ngazi ya ushiriki". Sherry Arnstein aliichora kwa raia mwaka 1969, na Roger Hart akaitohoa kwa watoto na vijana mwaka 1992. Ina vipawa vinane. Chini kabisa vijana hutumiwa kama mapambo au kudanganywa. Juu kabisa wao wenyewe huanzisha jambo na kushauriana na watu wazima. Mwanafunzi huikariri ngazi hiyo kwa Kiingereza. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina ngazi yake, nayo imo katika kauli za vitenzi tunazozifundisha kila mwaka bila kuiona.

Tuchukue kitenzi shiriki. Tukisema "vijana walishiriki", vijana ndio watendaji. Tukisema "mradi uliwashirikisha vijana", mtendaji ni mradi, na vijana wameshuka wakawa watendwa. Tukisema "vijana walishirikishwa", mtendaji ametoweka kabisa: hatujui nani aliwashirikisha, wala kama walitaka. Tukisema "vijana na wazee walishirikiana", kauli ya kutendana imewaweka pande zote mbili katika kiwango kimoja.

Soma ripoti yoyote ya mradi wa vijana iliyoandikwa kwa Kiswahili uhesabu. Utaona "walishirikishwa", "waliwezeshwa", "walihamasishwa" na "walielimishwa" zimejaa ukurasa. Mara nyingi mwandishi hana nia mbaya. Lakini kauli hizo zinasema ukweli ambao hakukusudia kuusema: vijana walifanyiwa. Ninapendekeza zoezi lifuatalo kwa darasa la mwaka wa pili. Mwanafunzi apewe aya ya ripoti, abadilishe kila kitenzi cha kutendeshwa kiwe cha kutenda, na vijana wawe watendaji. Pale atakaposhindwa kubadilisha bila kusema uongo, ajue kwamba mradi wenyewe una kasoro. Sarufi hapo inakuwa chombo cha tathmini.

Amri, ombi na swali

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu na mama muuza karanga. Alihitaji mambo matatu ambayo hatukumpa.

Kwanza, dhamira tegemezi badala ya amri. Badala ya "Njooni hapa!" angesema "Naomba tusogeane kidogo." Badala ya "Nyamazeni!" angesema "Tumsikilize mwenzetu." Kiambishi tu- kinamtia msemaji ndani ya kundi, naye pia anasikiliza. Wanafunzi wetu husoma tuimbe na tucheze mwishoni mwa muhula, wakati mwingine baada ya mtihani wa katikati. Kwa watu wa fani hii ingefaa isomwe katika wiki ya pili.

Pili, swali lisilojibika kwa "ndiyo". "Mmeelewa?" si swali, ni ombi la makofi. Vijana wenye adabu hawawezi kumwambia mgeni kwamba hawakuelewa. Lakini ukiuliza "Ni lipi ambalo halijaeleweka?" au "Kama mngekuwa ninyi, mngeanzia wapi?" umewapa nafasi ya kusema kitu. Maneno nani, nini, lini, wapi, vipi na kwa nini tunayafundisha kama orodha. Tuyafundishe kama kazi.

Tatu, kusikia Kiswahili cha wengine bila kukisahihisha. Kijana wa Kikongomani atasema kuya badala ya kuja, na aksanti badala ya asante. Upatanisho wake wa ngeli utakuwa tofauti na wa vitabu vyetu. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kalamu nyekundu. Nimewahi kumwona mwanafunzi wetu akimkatiza kijana aliyekuwa akieleza alivyotengana na wazazi wake njiani, ili amwambie kwamba si "batoto" ni "watoto". Kijana yule hakuendelea na habari yake. Hakuna alama ya sarufi inayoweza kulipa hasara hiyo. Ni vyema mwanafunzi afunzwe Kiswahili sanifu cha kusemea na kuandikia, na wakati huohuo afunzwe masikio ya lahaja nyingine.

Nguvu ya lugha katika ushiriki wa raia imeonekana karibuni kwa majirani zetu. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya walipopinga Muswada wa Fedha, mojawapo ya mambo waliyoyafanya ni kuueleza muswada huo kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani katika video fupi, ili mama mboga naye ajue mkate utapandaje bei. Kila mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya maandamano hayo, ambayo yaligharimu makumi ya maisha. Lakini sisi watu wa lugha hatuwezi kupuuza kwamba waraka wa kisheria ulioandikwa kwa Kiingereza kigumu ulifafanuliwa na vijana wenyewe, na watu wakauelewa. Kufafanua waraka wa serikali kwa lugha nyepesi bila kupotosha maana ni stadi. Inafundishika. Nasi ndio tunaofundisha tafsiri.

Idara yetu inaweza kufanya nini?

Sipendekezi tuanzishe shahada mpya; hatuna walimu wala vyumba. Ninapendekeza hatua nne ndogo.

1. Tukae na wenzetu wanaofundisha kazi za vijana, tuombe orodha ya mambo ambayo mwanafunzi huyasema nyanjani: kukaribisha, kutambulisha, kugawa vikundi, kutuliza ugomvi, kufunga mkutano. Kozi yetu ya hiari ijengwe juu ya matukio hayo.

2. Mtihani wa mwisho wa kozi hiyo uwe wa mdomo. Mwanafunzi aendeshe kikao cha dakika 15 na wenzake, ambao wameruhusiwa kuondoka. Idadi ya watakaobaki iwe sehemu ya alama.

3. Wanafunzi wetu wa Kiswahili nao waruhusiwe kufanya sehemu ya mafunzo yao ya vitendo nje ya shule: katika klabu, maktaba za jamii na makazi ya wakimbizi. Ualimu wao utanufaika, kwa sababu watajifunza kuzungumza na mtu anayeweza kuondoka.

4. Tuandae faharasa fupi ya maneno ya fani hii, pamoja na maelezo ya yale yanayoumiza na yale yanayofaa. Wenzetu wa mashirika ya Tanzania wana maneno kama uraghbishi na uwezeshaji. Tuone yapi yanaeleweka huku kwetu na yapi hayaeleweki, tusiyachukue tu kwa kuwa yametoka Dar es Salaam. Nayasema haya nikiwa nimesomea uzamili huko, na ninaipenda lugha ya huko.

Wapo watakaosema kwamba lugha si tatizo kubwa la vijana wetu. Watasema tatizo ni ajira, na kwamba klabu isiyo na mpira wala soda haiwezi kuokolewa na dhamira tegemezi. Wana haki. Lugha nzuri haimpi kijana kazi. Lakini mpango wowote wa ajira, wa afya au wa amani humfikia kijana kupitia kinywa cha mtu fulani. Ikiwa kinywa hicho kinamkumbusha kizuizi cha barabarani, mpango huo umekwama kabla haujaanza.

Hitimisho

Mwanafunzi wetu alirudi katika makazi yale wiki iliyofuata. Alinieleza kwamba alikwenda kwanza kwa yule mama, akamwomba amfundishe namna ya kuwaita vijana. Mama alicheka, akamfundisha. Jioni ile walikuja kumi na wanne. Si wengi, na klabu haikupata mafanikio makubwa. Muda wa mafunzo yake uliisha kabla haijakomaa. Lakini aliondoka akiwa amejifunza jambo ambalo mimi mwenye shahada ya uzamili sikumfundisha, na muuza karanga alimfundisha bila malipo.

Tangu mwaka huo nimebadilisha mpangilio wa kozi yangu. Sura ya amri imehamishiwa mwisho. Ninawaalika walimu wenzangu wajaribu hivyo katika muhula ujao, na wanafunzi watakaokwenda nyanjani wanirudishie habari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuwafunze wanafunzi wetu kuingia kama wageni wa namna hiyo.